Mepo wangu umegoma kuwa mwekundu na mama anatua Oktoba. Shida ni nini?

#1 BintiPongwe, 2 Septemba
Wakuu, habari za humu. Niko Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Tulipohamia nyumba hii nilinunua mche wa mepo (maple) nikaupanda mbele, kati ya njia ya gari na barabara. Ulikuja na kikaratasi chenye picha ya mti umewaka kama jiko la mkaa. Mwaka wa kwanza kweli, katikati ya Septemba tu ukawa mwekundu wote, nikapiga picha nikamtumia mama Tanga. Hadi leo ile picha ndiyo inayopokea wageni kwenye simu yake: "Huu mti wa mwanangu."

Tangu hapo basi. Mwaka wa pili ukatoa rangi ya chungwa kwenye ncha. Wa tatu njano. Mwaka jana njano iliyopauka, halafu rangi ya ugoro, halafu chini. Upande wa barabarani majani yalibaki kijani mpaka theluji ikayakuta hukohuko juu.

Sasa mama kapata viza, anatua tarehe 9 Oktoba. Keshasema haji kuangalia maghorofa, anakuja kuuona ule mti. Maji naupa. Mbolea ya nyasi namwaga mara mbili kwa mwaka. Nguzo ya taa ya barabarani iko hatua nne hivi kutoka shinani. Nifanyeje?

#2 MzeeWaKigango
Nunua kopo la rangi ya mafuta, ngazi ukaazime kwa jirani. Una mwezi mzima, jani mojamoja.

#3 KindaLaWorcester
Dada, kabla hatujaanza kuagua, ni mepo gani? Nafanya kazi za bustani huku Massachusetts mwaka wa kumi na moja, na watu wengi wanasema "mepo" kana kwamba ni mti mmoja. Upo mwekundu, upo wa sukari, upo wa fedha, upo wa Norway, na ipo michotara. Wa Norway huwa njano tu, tena kwa kuchelewa, isipokuwa ile aina yake yenye majani ya damu ya mzee tangu kiangazi. Huku kwetu kuuuza ni marufuku tangu 2009 kwa sababu unavamia misitu, lakini mitaani umejaa.

Kipimo cha haraka: chuma jani, vunja kikonyo, kibonye. Ukitoka utomvu mweupe kama wa papai bichi, huo ni wa Norway na kesi imekwisha.

#4 BintiPongwe
Nimetoka kuvunja vitatu, jirani ananiangalia dirishani. Hakuna maziwa, ni maji tu. Jani lina ncha tatu kubwa, na chini limepauka kama limepakwa jivu.

#5 KindaLaWorcester
Basi ni mwekundu wenyewe au chotara wa mwekundu na wa fedha. Madukani wale machotara ndio wengi. Kesi haijaisha.

#6 TichaWaVihiga
Hamjambo. Nafunza baiolojia, acha niweke msingi ili tusibahatishe. Njano na rangi ya chungwa ziko ndani ya jani tangu lilipochipuka. Zimefunikwa na umbijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza umbijani, uliopo unavunjika, na njano inajitokeza. Hapo hakuna kitu kipya, ni pazia tu limeondolewa.

Nyekundu ni habari nyingine. Mti unaitengeneza upya dakika za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Inaitwa anthosiani. Kwa hiyo inataka mchana wa jua kali ili sukari iwe nyingi, na usiku wa baridi isiyofika kugandisha. Usiku ukiwa wa joto, au mawingu wiki nzima, mti unaishia njano. Dada, mti wako haukosi njano, unakosa kiwanda.

#7 Mchapakazi_Temeke
Umbijani ndiyo nini tena? Sisi tulifundishwa klorofili.

#8 TichaWaVihiga
Klorofili ni umbijani aliyevaa tai. Endelea kusoma.

#9 KokoWaOntario
Mwanangu, acha hiyo mbolea ya nyasi. Mimi niliua rangi ya mti wangu mwenyewe hivyohivyo. Mbolea ya nyasi ni nitrojeni, na nitrojeni inauambia mti "endelea kukua, bado mapema". Mti unafika Oktoba ukiwa bado unajenga, kumbe ulipaswa kuwa unafunga duka. Niliacha kumwaga chini ya matawi, na baada ya miaka miwili rangi ilirudi. Si kama ya kwenye kalenda, lakini ilirudi.

#10 MzeeWaKigango
Koko, na wewe huko Kanada kwenye jani la bendera mnashindwa kupata wekundu?

#11 KokoWaOntario
Lile la bendera lina ncha kumi na moja na limekuwa jekundu tangu Februari 1965 bila kupauka. La uani kwangu halina nidhamu hiyo. Halafu wangu ni wa sukari, nimeuweka kwa ajili ya sirapu, na lita moja inataka karibu lita arobaini za utomvu. Rangi ni bakshishi.

#12 KindaLaWorcester
Narudi kwenye #1. Mmeipita taa hivihivi, hatua nne kutoka shinani. Mti unahesabu urefu wa usiku, na upande ulio kwenye taa hauuoni usiku. Jambo hili si geni: mwaka 1936 liliandikwa huko New York, kwamba matawi yaliyo jirani na taa za barabarani hushikilia majani kuliko mengine ya mti uleule. Dada kasema mwenyewe kuwa upande wa barabarani ulikutwa na theluji ukiwa kijani. Mnataka ushahidi gani tena?

#13 FundiUdongo_Moro
Ushahidi wa upande wa pili. Taa inaeleza upande mmoja, je, upande wa nyumba uliopauka? Mimi natazama chini. Mti uko kati ya njia ya gari na barabara, yaani kati ya zege na lami. Zege linaachia chokaa, udongo unakuwa wa chokaa nyingi, na mepo mwekundu haupendi hivyo hata kidogo. Madini ya manganizi, chakula cha mti, yanakuwepo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Dalili utaiona Juni, si Oktoba: jani linakuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Dada, uliliona hilo?

#14 BintiPongwe
Mwezi Juni matawi mawili ya juu yalikuwa hivyohivyo, mishipa kijani, kati njano. Nikadhani jua.

Na mbolea namwaga. Na taa ipo. Na usiku wa Septemba iliyopita ulikuwa wa joto, tulilala madirisha wazi. Kila anayeandika humu, mti wangu unamkubalia.

#15 KijanaWaRasKazone
Samahani wataalamu, mimi niko Tanga na sijawahi kuona theluji. Nina swali kwa Ticha wa #6. Mbele ya nyumba yetu kuna mti wa mkungu. Majani yake yanakuwa mekundu, mengine njano, mengine damu ya mzee kabisa, kisha yanadondoka, na mvumo wa bahari unayaleta mpaka barazani. Januari, Februari, lile joto la kushinda bila shati, ndiyo kwanza unawaka. Baridi iko wapi? Usiku mrefu uko wapi? Nani kaufundisha mkungu?

#16 Mchapakazi_Temeke
Ticha kaitwa ofisini.

#17 TichaWaVihiga
Nipo. Nilisema baridi inasaidia, sikusema ndiyo inayozaa. Hapa tutenganishe mambo mawili: nini kinaliambia jani lizeeke, na nini kinalipaka rangi likishaanza kuzeeka. Minneapolis mchana wa Juni unafika saa 15 na nusu, wa Desemba haufiki saa 9, kwa hiyo mti una saa ya ukutani. Tanga tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata saa moja, basi mkungu unasikiliza kitu kingine, nadhani ukame. Lakini rangi ni ileile anthosiani, na jua la Januari la Tanga linatosha kuitengeneza.

#18 KijanaWaRasKazone
"Nadhani." Sawa Ticha.

#19 BiMwanaMuscat
Assalaam alaykum. Mkungu hapa Oman huitwa beidhamu, umejaa majumbani, na mtindo ni huohuo: unawaka, unamwaga, na dada wa kazi analalamika. Lakini anayetaka hasa kuona majani yakigeuka apande Jabal Akhdar mwisho wa mwaka. Mikomamanga kule majani huwa njano safi, ngazi kwa ngazi mlimani, na falaji, mfereji wa maji, inapita katikati. Watu wanapajua kwa mawaridi ya Aprili tu, hiyo nyingine hawaipigii mbio.

Halafu mwanangu Mchapakazi na wengine, mkianza kuita majira hayo "vuli" mtanikera. Vuli ni mvua. Mvua ndogo. Oktoba mpaka Disemba watu wanapanda. Vuli ina majani mapya, haina majani ya kufa.

#20 Mchapakazi_Temeke
Bi Mwana, mimi sijaandika vuli popote. Lakini kamusi nyingi ndivyo zinavyotafsiri.

#21 BiMwanaMuscat
Kamusi haina shamba.

#22 TichaWaVihiga
Wengine huandika "mapukutiko". Kwangu ndilo neno. Majani yanapukutika, umemaliza.

#23 MzeeWaKigango
Kwetu tulikuwa na demani. Kusi inalegea, bahari inatulia, wavuvi wanacheka. Hakuna aliyeangalia majani.

#24 Leeds_Mswahili
Yaiteni mnavyotaka majira hayo, huku Uingereza ni njano, njano, ugoro, mvua. Nilimtembelea kaka yangu Vermont, Marekani, nikahisi nimeibiwa miaka kumi na tano. Kwa nini wao wapate nyekundu na sisi njano, na baridi tunayo?

#25 MwanaLubumbashi
Jambo ba ndugu. Mimi ninawasoma tu, lakini hii ya Leeds inanigusa. Kwetu Katanga, mwezi wa tisa, mvua bado, udongo umekauka kama tofali, miombo inawaka yote: nyekundu, shaba, rangi ya divai. Mgeni anasema "majani yanakufa". Hapana, yanazaliwa! Ni machanga. Yanatoka mekundu, kisha yanakuwa kijani mvua ikianza. Sasa kama nyekundu ni ya uzee, mbona watoto wanaivaa?

Kuhusu kwa nini: kulikuwa Mwingereza, Hamilton, mtu mkubwa wa mambo ya mageuzi ya viumbe. Yeye alisema rangi kali ni onyo kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Mti unasema: "Angalia nguvu niliyo nayo ya kutumia kwenye rangi, usije kutaga kwangu, nitakushinda." Alikufia hapa kwetu Congo.

#26 Leeds_Mswahili
Ndugu, sahihisho dogo. Hakufia Congo. Alikwenda Congo Januari 2000 kuchunguza asili ya UKIMWI, akaugua malaria, akarudishwa, akafia London Machi mwaka huohuo. Makala ya vidukari, aliyoandika na Samuel Brown, ilitoka 2001 yeye keshazikwa.

#27 MwanaLubumbashi
Asante. Basi malaria ilikuwa yetu, kifo kilikuwa chenu.

#28 FundiUdongo_Moro
Hilo la vidukari lina wapinzani wengi. Kidukari mwenyewe nyekundu haioni vizuri, anaona njano na kijani. Onyo gani linaandikwa kwa wino asioweza kusoma?

Wapo wanaosema nyekundu ni mwavuli. Jani linapozeeka mti unajaribu kuvuta nitrojeni yake irudi mwilini kabla halijadondoka, na unaweza kuokoa nusu au zaidi. Kazi hiyo inafanyika wakati umbijani umeshalegea, jua linachoma mitambo. Anthosiani inaweka kivuli mpaka mizigo itoke. Hapo hata watoto wa miombo wanaeleweka: jani changa nalo mitambo haijakaza, linahitaji mwavuli. Angalieni mwembe ukichipua, au mdalasini kule Unguja. Majani machanga mekundu, laini, yananing'inia kama nguo zilizoloa.

#29 Leeds_Mswahili
Na wadudu wanarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2009 wataalamu wawili walileta hoja kuhusu Ulaya: milima yetu mikubwa imelala mashariki kwenda magharibi. Barafu kuu ya enzi za kale iliposhuka kutoka kaskazini, miti na wadudu wake havikuwa na pa kukimbilia, vingi vikafa pamoja. Amerika milima inakwenda kaskazini hadi kusini, miti ikahama na maadui zake, vita ikaendelea, na nyekundu ni silaha ya vita hiyo. Huku wadudu wale walikufa, miti ikavua silaha. Kwa hiyo naishi na miti iliyostaafu jeshi.

#30 MzeeWaKigango
Binti aliuliza kuhusu mti mmoja wa mbele ya nyumba. Tumefika kwenye barafu kuu.

#31 TichaWaVihiga
Twende kwa vitendo. Dada, na kijana wa Ras Kazone pia: tafuteni jani jekundu lililokuwa limelaliwa na jani jingine, mlifunue. Mara nyingi mtakuta chini ya kivuli pamebaki njano au kijani, na umbo la lile la juu limechorwa pale, ncha na kikonyo, kama mtu aliyelala mchangani. Nyekundu inataka jua moja kwa moja. Ndiyo maana nauliza: mti wa dada kuna nini upande wa kusini? Kuna kinachouziba?

#32 BintiPongwe
Jirani alijenga gereji miaka mitatu iliyopita. Upande wa kusini. Kuanzia saa nane mchana mti uko kivulini.

Jamani.

#33 KokoWaOntario
Na gereji nayo. Pole mwanangu. Lakini mbolea bado uache.

#34 KijanaWaRasKazone, 8 Septemba
Nimefanya jaribio. Nimepanda kwenye mkungu na tepu nyeusi ya umeme, nimebandika majani sita ambayo bado kijani lakini yameanza kupauka pembeni. Bibi ananiuliza natibu nini. Nitaleta majibu.

#35 KindaLaWorcester
Ngojeni, nilikuwa kazini nikawaza jambo. Dada, ulisema mwaka wa kwanza ulikuwa mwekundu katikati ya Septemba, wote kwa pamoja. Hapo Minneapolis mepo nyingi hufikia kilele mwisho wa Septemba na kuingia Oktoba. Wako uliwahi. Mti unaowahi mara nyingi ni mti mgonjwa. Umetoka kung'olewa, mizizi imekatwa, kiu, sukari imekwama kwenye majani kwa kuwa njia za kushuka hazifanyi kazi. Unawaka.

Kwa hiyo inawezekana ile picha ya mama ilikuwa ya mti unaoumwa, na hii njano ndiyo afya yake. Tena chotara wengine wana wekundu wa wastani tu, kikaratasi kinatia chumvi.

#36 BintiPongwe
Yaani mama anaonyesha wageni picha ya mgonjwa?

#37 FundiUdongo_Moro
Kinda, siafiki moja kwa moja. Mgonjwa anaweza kuwa wa sasa pia. Dada, chimba kidogo kwa mkono pale shina linapoingia ardhini. Shina likipanuka kabla ya kuzama, sawa. Likizama nyoofu kama nguzo ya umeme, ulipanda kina kirefu mno, au kuna mzizi unalizunguka.

#38 BintiPongwe, 13 Septemba
Nimechimba na kijiko cha wali. Limezama kama nguzo. Sentimita kama kumi chini nimekuta mzizi mnene kama kidole gumba umelizunguka shina upande mmoja, umekaza mpaka gome limebonyea. Kitaluni waliniambia "chimba shimo, tumbukiza, fukia". Sikuambiwa nilegeze mizizi iliyojizungusha kwenye ndoo. Nimekaa chini kwenye nyasi na hicho kijiko kama nusu saa.

#39 KindaLaWorcester
Usiukate leo. Ondoa udongo uliozidi polepole mpaka uone pale shina linapotanuka, halafu mwite mtu wa miti autazame. Ukikata mzizi mkubwa kwa hasira unaweza kuua upande mzima. Na matandazo usiyarundike shinani kama kichuguu.

#40 Mchapakazi_Temeke
Hadi sasa: taa, mbolea, chokaa, gereji, joto, mzizi, kina, kikaratasi, vidukari. Nimesahau nani?

#41 MzeeWaKigango
Umesahau kijicho.

#42 KokoWaOntario
Mpeleke mama Duluth basi, msitegemee mti mmoja. Nimewahi kuipita ile barabara ya ziwani kaskazini, Oktoba.

#43 KindaLaWorcester
Kufikia tarehe 9 mepo za kule vilimani mara nyingi zimeshamwaga, Koko. Lakini ile miti ya betula ya ufukweni yenye magome meupe huwa bado njano. Idara ya maliasili ya jimbo hutoa ramani ya rangi kila msimu, aangalie hiyo kabla ya kujaza mafuta.

#44 KijanaWaRasKazone, 27 Septemba
Majibu. Kati ya majani sita: mawili yamedondoka na upepo. Moja mdogo wangu kalichuma, kabandika tepu yake kwenye mpira wa kandanda. Moja halikubadilika lolote. Mawili yamewaka mekundu, na nilipobandua tepu, chini yake kuna mstari wa njano iliyopauka, umenyooka kama umepigwa rula. Nimempa bibi moja, kaweka kwenye kabati la vyombo.

#45 TichaWaVihiga
Safi sana! Nitalitumia darasani.

#46 FundiUdongo_Moro
Tepu nyeusi inapata joto, na inaziba vinyweleo vya hewa. Huenda ni joto, si kivuli. Ungebandika na tepu inayoonyesha majani mengine sita, ulinganishe.

#47 KijanaWaRasKazone
Kaka, mkungu una siafu. Uje upande wewe.

#48 BintiPongwe, 15 Oktoba
Nimerudi, nilikuwa na mgeni wangu. Mama katua salama na koti la mkopo.

Mti: mzizi mtu wa miti kauona, kasema usubiri hadi majani yaishe. Mbolea sijamwaga tangu Koko aseme. Upande wa taa ni kijani. Upande wa nyumba njano. Kule juu kabisa, panapovuka kivuli cha gereji, kuna tawi moja limekuwa jekundu, majani labda thelathini. Nilimtoa mama nje asubuhi ya kwanza, nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama. Akasema, "Eee, mzuri." Kwa sauti ile mnayoijua.

Halafu akageuka akaona kichaka cha jirani, kile kifupi kando ya gereji ileile. Kimewaka rangi ya zambarau mwiva na nyekundu, hakuna hata jani moja la kijani. Mama akavuka nyasi za watu na kandambili, akakishika, akaniita: "Mbona umenificha? Mti wenyewe si huu hapa!" Kapigwa picha nacho saba. Zimeshafika Pongwe, Makorora na kwa shangazi Muheza. Nimejaribu kumweleza kuwa si wangu. Kasema jirani ni ndugu.

#49 KindaLaWorcester
Nakijua hicho kichaka bila kukiona. Matawi yake yana mabawa kama gamba la kizibo pembeni? Huku kwetu nacho ni marufuku kuuza, ndege wanasambaza mbegu zake porini.

#50 BintiPongwe
Kina mabawa. Usimwambie mama.

#51 MwanaLubumbashi
Na hicho kinapata kivuli cha gereji au hapana?

#52 BintiPongwe
Kinapata. Tena kimegusana na zege. Na taa inakifikia.

#53 FundiUdongo_Moro
Kila mti na udongo wake. Hicho hakichagui.

#54 TichaWaVihiga
Au kina anthosiani nyingi kwa kuzaliwa. Au kimepandwa vizuri.

#55 KindaLaWorcester
Au kinaumwa.

#56 BintiPongwe, 19 Oktoba
Jingine. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kufagia majani, kwa mazoea ya mkungu wa nyumbani. Ile reki ya plastiki kaikataa, anasema inakuna ardhi haifagii. Jana nimemkuta kakusanya chungu safi mbele ya nyumba na kiberiti mkononi. Nilikimbia na soksi. Hapa mtaani kuchoma majani hairuhusiwi, yanaenda kwenye mifuko ya karatasi. Kaniuliza: "Mnayafunga kama zawadi, mnampelekea nani?"

Anataka fagio la chelewa. Kuna anayejua linapopatikana Minneapolis?

#57 Mchapakazi_Temeke
Ulizia maduka ya Wasomali Lake Street, wana kila kitu.

#58 BintiPongwe
Nimeshauliza mawili. Wana udi, wana chetezo, wana mbuzi ya kukunia nazi. Chelewa hakuna.

#59 KijanaWaRasKazone
Bibi kasema atatengeneza mawili, kuna binamu anasafiri Novemba. Ila anataka abadilishane na jani la lile tawi la juu, jekundu, lisilokunjika.

#60 BintiPongwe
Naleta ngazi.